Darubini za zamani za Kijerumani: namna ya kuzitambua na kuzifunga kwenye bunduki bila kuziua

Kila ikikaribia Julai, msimu wa uwindaji ukianza kunukia, meza yangu hujaa ugonjwa uleule. Mtu analeta darubini nzuri ya chuma, kazi ya Wajerumani, lakini imebanwa kwa pete za inchi moja zilizopanuliwa kwa nguvu, au imeviringwa utepe wa umeme ili "ijae" kwenye pete kubwa kuliko yenyewe. Malalamiko nayo ni yaleyale: risasi hazikai pamoja. Ukimuuliza pete alizipataje, atakwambia alimtajia muuzaji jina la darubini, muuzaji akampa.

Jina halitoshi. Kiwanda kimoja kilitoa bomba za vipenyo tofauti kwa jina lilelile, na fundi wa zamani aliyeifunga mara ya kwanza huenda naye aliikereza kidogo. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda polepole kwenye kutambua na kupima, kisha ndiyo tunafunga.

Nazungumzia bunduki ya kuwindia yenye leseni, hasa Mauser 98, kwa sababu ndizo nyingi huku kwetu, zikiwemo zile za risasi ya 9.3x62. Kama yako haina karatasi, anza na karatasi. Na popote ninaposema kutoboa chuma cha bunduki, maana yangu ni fundi wa silaha mwenye kibali, si kijana wa gereji mwenye drili nzuri.

## Vitu vya kuandaa

- Vernia inayosoma mpaka milimita 0.05 au chini ya hapo. Rula na futi ya cherehani hazifai kabisa.
- Sumaku ndogo, tochi, na kioo cha kukuzia.
- Bisibisi zinazojaa mfereji wa skrubu. Skrubu za Kijerumani za zamani zina mfereji mwembamba sana. Bisibisi ya kawaida itaurarua.
- Spana ndogo ya kupimia nguvu, inayoweza kuwekwa Nm 2 (nyutoni-mita 2).
- Gundi ya skrubu ya bluu. Nyekundu iache.
- Puliza ya mpira, brashi laini, karatasi za lenzi na spiriti safi.
- Mifuko miwili mitatu ya mchanga.
- Kopo tupu la soda na mkasi. Utaona kazi yake.
- Daftari na penseli.

Ondoa risasi zote, chomoa bolti, chungulia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole. Bolti ibaki mezani mpaka nitakapokwambia uirudishe.

## Hatua ya 1: Soma maandishi kabla hujafungua kitu

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, halafu zungusha bomba polepole chini ya mwanga wa pembeni. Maandishi huwa kwenye mwili wa bomba, kwenye kengele ya mbele, au karibu na lenzi ya jicho. Andika kila kitu daftarini, hata nukta.

Kwenye darubini za kiraia utakuta jina la kiwanda na jina la modeli. Zeiss walitumia majina yanayojieleza: Zielklein ni ya ukuzaji mdogo, Zielvier ni mara 4, Zielsechs mara 6, Zielacht mara 8. Hensoldt wa Wetzlar wana Dialytan na jamaa zake wa ukoo wa Dialyt. Ajack ni ya Berlin. Helia ni ya Kahles wa Vienna, kwa hiyo ni ya Austria, ingawa sokoni wanaitupia kapu la "za Kijerumani" na taratibu za kuifunga ni zilezile.

Zeiss inahitaji jicho la pili. Baada ya vita kampuni iligawanyika: upande wa Mashariki ukabaki Jena, upande wa Magharibi ukaanza Oberkochen. "Carl Zeiss Jena" peke yake inaweza kuwa ya kabla ya vita au ya Ujerumani Mashariki. Ukiona "DDR", au "aus JENA" bila neno Zeiss, hiyo ni ya Mashariki, ya baada ya vita. Majina hayo yalibadilishwa kwa ajili ya ugomvi wa nembo kati ya pande mbili, si kwa sababu kioo ni hafifu. Nimezishika za Mashariki ambazo bado ni safi kuliko mpya za bei ya kati.

Nyingi za kijeshi za Vita vya Pili vya Dunia hazina jina la kiwanda bali herufi ndogo tatu, maana viwanda vilifichwa. Zinazokutwa sana: *blc* ni Zeiss Jena, *bmj* ni Hensoldt Wetzlar, *beh* ni Leitz, *cad* ni Kahles, *ddx* ni Voigtländer wa Braunschweig, *cxn* ni Busch wa Rathenow, *dow* ni kiwanda cha Prerau, ambao leo ni mji wa Přerov huko Ucheki. ZF41 ni kijidarubini cha mara 1.5 kilichokaa mbele kabisa, juu ya kilengeo cha nyuma, mbali na jicho. ZF4 ni ya mara 4, ya bunduki ya G43. Ukiwa na mojawapo ya hizi katika hali yake ya asili, usiibadilishe chochote. Thamani yake iko kwenye kutoguswa, na ZF41 haina faida yoyote porini.

Angalia pia kama ni bandia. Herufi za zamani zimechakaa pamoja na rangi nyeusi inayozizunguka. Herufi zenye kingo kali zinazong'aa kwenye bomba lililochubuka kote, hizo zimechongwa juzi.

Mwishoni tafuta herufi T. Ni alama ya Zeiss kwa lenzi zilizopakwa utando wa kupunguza mwako, ufundi uliotokana na kazi ya Olexander Smakula mwaka 1935. Huna haja ya kuiamini herufi: shika darubini chini ya taa na uangalie taswira za balbu kwenye lenzi ya mbele. Taswira nyeupe tupu maana yake kioo hakijapakwa. Zikiwa na ubluu au uzambarau, kimepakwa. Utando wa zamani ni laini, hukwaruzwa na pindo la shati.

Ukimaliza hatua hii daftari lina kiwanda, ukuzaji, namba, na kauli moja: ya kiraia au ya kijeshi, imepakwa au haijapakwa.

## Hatua ya 2: Kagua vioo, maana hapa ndipo pesa hupotea

Mulika tochi kupitia lenzi ya jicho huku ukitazama kutoka mbele, kisha geuza. Unatafuta mambo matatu.

Kwanza, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui unaotambaa. Huo ni ukungu wa kioo, yaani kuvu. Darubini hizi hazikujazwa gesi ya naitrojeni kama za leo; zilizibwa kwa grisi na nyuzi za skrubu, basi. Iliyokaa Tanga au Mombasa kabatini miaka kumi karibu lazima iwe nao. Ukungu mchanga husafishwa na fundi wa lenzi. Uliokaa muda mrefu huila ngozi ya kioo, na ukisafishwa alama hubaki.

Pili, duara au madoa yenye rangi za upinde wa mvua, mara nyingi yakianzia ukingoni. Lenzi za zamani ziligandishwa mbili mbili kwa zeri ya Kanada, utomvu wa mti. Utomvu ukizeeka au ukipata joto, huachia. Kama doa liko ukingoni tu, darubini bado inafanya kazi. Likifika katikati, kioo kitakupa ukungu wa maziwa jua likiwa mbele yako.

Tatu, msalaba wa kulengea. Nyingi ndani zina vipande halisi vya chuma, si mchoro kwenye kioo. Hakikisha havijapinda wala kukatika. Usifungue kuvinyoosha. Mtu aliyewahi kufungua na kuvirudisha vilivyokuwa mezani kwake sijakutana naye.

Ukiona nguzo nene yenye ncha inayotoka chini, na mihimili miwili minene ya pembeni isiyokutana katikati, hiyo ni *Absehen 1*, namba moja ya Kijerumani. Shabaha yake ni ncha ya nguzo. Wengi wanaweka mnyama kwenye uwazi juu ya ncha, halafu wanashangaa risasi kupita chini. Uwazi kati ya mihimili kwa kawaida hufunika sentimita 70 kwenye mita 100; simamisha fimbo ya urefu huo siku moja uhakikishe yako.

Kusafisha: puliza kwanza, brashi ifuate, na mwisho kabisa karatasi ya lenzi yenye tone la spiriti, kutoka katikati kwenda nje. Tone liwe kwenye karatasi, lisiwe kwenye kioo, kwa sababu litateremka ukingoni na kugusa gundi. Asetoni na tina ziache kwa wapaka rangi.

## Hatua ya 3: Pima bomba mara sita

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Pima kipenyo cha bomba mahali pete itakapokaa, mbele na nyuma. Kila mahali pima mara tatu ukizungusha vernia. Bomba za Kijerumani za chuma mara nyingi ni milimita 26 au 26.5, baadhi ya ndogo ni 22. Inchi moja ya Kimarekani ni 25.4. Tofauti ya 25.4 na 26 ni milimita 0.6, na ukiitazama kwa macho haionekani. Lakini bomba lile ni jembamba. Pete ya 25.4 ikilazimishwa inaliminya, bomba linaacha kuwa duara, na kijisanduku kinachobeba msalaba kinabanwa ndani. Ukizungusha tuni, yaani kitufe cha kusogezea msalaba, hakisogei. Baadaye, bunduki ikirusha, kinaruka chenyewe. Ndiyo ile "risasi hazikai pamoja."

Kinyume chake, pete ya 26.5 kwenye bomba la 26 haiwezi kushika kabla haijapinda. Utepe wa umeme ni mpira: unabonyea kila risasi, na kwenye joto unayeyuka gundi. Mwaka wa kwanza wa kazi hii mimi mwenyewe nilizungusha utepe kwenye ya mara 6, nikaipeleka uwanjani nikitamba. Risasi ya nne ilikuwa sentimita 20 kutoka ya kwanza. Nilipofungua, bomba lilikuwa limetambaa mbele ndani ya pete kwa upana wa kucha ya kidole.

Kama vipimo vyako vitatu vya sehemu moja vinatofautiana kwa zaidi ya milimita 0.1, bomba tayari lina mbonyeo. Sogeza pete pengine.

Halafu weka sumaku. Ikishika, bomba ni la chuma. Isiposhika, ni la durali (aloi ya alumini), na geuza utazame tumboni: nyingi za durali zina reli iliyotokeza chini kwa urefu wa bomba. Hizo hazitaki pete. Hufungwa kwa kutoboa reli na kupitisha pini au skrubu. Tundu likipanda milimita moja zaidi, umetoboa bomba lenyewe na hewa ya nje inaingia kwenye lenzi. Mpe fundi mwenye kifaa cha kuongozea drili.

Agiza pete kwa namba ya vernia. Kama hazipatikani za 26 au 26.5, nunua ndogo zaidi za chuma na umpe mkerezaji azitanue kwenye lethi, akiwa ameweka kipande cha karatasi nene kati ya nusu mbili ili kibaki nafasi ya kubania. Bomba lisiguswe kamwe.

Pete ikiwa sahihi, nusu ya chini inalipokea bomba bila kucheza, nusu ya juu inashuka kwa uzito wake, na kabla ya kukaza kuna mwanya ulio sawa pande zote mbili.

## Hatua ya 4: Darubini ikija na miguu yake

Nyingi zinanunuliwa zikiwa tayari na pete zilizolehemiwa kwa bati, zenye kucha chini yake. Ni mtindo wa Suhl: kucha mbili za mbele huingia kwenye kiti cha mbele (kiti ni kipande cha chuma kilichofungwa juu ya bunduki) darubini ikiwa imeinuliwa nyuma, kisha unaishusha na kucha za nyuma zinalia "ka" kwenye kiti chenye kitasa. Upo pia mtindo wa kuzungusha: mguu wa mbele huingia darubini ikiwa imekaa kando, unaizungusha mpaka nyuma ijifunge.

Usilehemue pete hizo. Bati la kulehemu linayeyuka karibu nyuzijoto 183, na zeri ya Kanada inaachia muda mrefu kabla ya hapo. Kuzitoa kunawezekana tu vioo vikiwa vimetolewa kwanza, na kutoa vioo ni kazi ya mtu mwingine. Kuzikata kwa msumeno hata sizungumzii.

Njia iliyo salama ni kuacha miguu ilivyo na kumpa fundi achonge viti vya bunduki vifuate kucha. Ni kazi ya mkono, ya siku kadhaa, na bei yake inaweza kuipita darubini. Kwa hiyo unaponunua, darubini yenye pete zilizolehemiwa na isiyo na viti vyake inapaswa kuwa rahisi sana. Muuzaji akikwambia "miguu ya asili, ndiyo maana ghali," mwache nayo.

## Hatua ya 5: Bunduki itaikubali?

Weka darubini juu ya bunduki kwa mkono, pale itakapokaa, na urudishe bolti bila risasi. Kwenye Mauser ya kijeshi kuna vizuizi vitatu.

Mshiko wa bolti ukiinuliwa unagonga bomba. Unahitaji mshiko ulioinamishwa chini. Huo ni uchomeleaji wa bolti, na joto likifika kwenye meno ya kufungia yanalainika. Fundi anayefanya hivi bila kipozeo cha joto mkimbie.

Sefti ya bawa, ile inayozunguka juu ya mkia wa bolti, haitapita chini ya darubini. Kuna sefti za chini za kubadilisha. Usikubali kuwinda na sefti isiyozunguka mpaka mwisho kwa sababu "nimezoea."

Kwenye kiti cha nyuma, bunduki za kijeshi zina nundu ya kuingizia klipu ya risasi. Viti vingi vya dukani vimetengenezwa kwa bunduki za kiraia zisizo na nundu hiyo. Na pima mduara wa mbele: Mauser za mduara mkubwa ni karibu milimita 35.8, za mduara mdogo ni 33. Kiti cha moja kikiwekwa kwenye nyingine kitakaa kwa kingo mbili tu, kikitikisika kama stuli mbovu.

Ukiona bunduki ina namba zinazolingana kila mahali na mihuri yake yote, usitoboe. Tafuta Mauser nyingine iliyokwisha tobolewa na mtu asiyejali.

## Hatua ya 6: Kufunga viti

Safisha mashimo na skrubu kwa spiriti mpaka mafuta yaishe. Jaribu kwanza bila gundi: kaza kila skrubu ya mbele peke yake, rudisha bolti, funga na fungua. Skrubu ndefu kupita kiasi huchungulia ndani na kuzuia meno ya bolti, au huukandamiza mtutu kwenye nyuzi zake. Bolti ikikwaruza hata kidogo, fupisha skrubu kwa msasa.

Kisha paka tone la gundi ya bluu, kaza kwa zamu, na uache usiku kucha. Skrubu za viti ni nyembamba. Kaza mpaka zisimame, usizing'ang'anie.

## Hatua ya 7: Jicho, unyoofu na pete

Darubini za zamani zinataka jicho karibu, mara nyingi kama sentimita 8 kutoka kwenye lenzi. Kwenye 8x57 haina shida. Kwenye .375 H&H, yenye teke kali, ni kovu juu ya nyusi, na wapo wawindaji wengi tu wenye alama hiyo ya mwezi mchanga. Kwenye bunduki nzito tumia ya ukuzaji mdogo na uisukume mbele kadiri pete zinavyoruhusu.

Vaa koti unalowinda nalo. Fumba macho, weka bunduki begani, shavu kwenye kitako, halafu fumbua. Duara zima lenye mwanga likionekana bila kusogeza shingo, hapo ndipo. Rudia ukiwa umelala chini, maana ukilala kichwa kinasogea mbele.

Unyoofu wa msalaba: ning'iniza uzi wenye nati mita 20 mbele, laza bunduki sawa kwenye mifuko, na ulinganishe nguzo na uzi. Sasa kaza pete kwa mkunjo wa zamu, kushoto, kulia, kushoto, mpaka Nm 2, si zaidi. Zungusha tuni na pete ya kurekebisha jicho baada ya kila zamu. Ikianza kuwa nzito, legeza: umeanza kuliminya bomba.

Weka mstari mwembamba wa rangi ya kucha ukivuka kutoka pete kwenda bomba. Ukikatika siku moja, utajua nini kimesogea.

## Hatua ya 8: Kulia na kushoto kwanza

Wanaozoea darubini mpya hukwama hapa. Darubini nyingi za zamani zina tuni moja tu, ya juu na chini. Kulia na kushoto hurekebishwa kwenye kiti cha nyuma, kwa skrubu mbili zinazosukumana. Na msalaba wenyewe ukiusogeza, utauona ukiondoka katikati ya duara. Hiyo si hitilafu, ndivyo zilivyoundwa. Ila ukizidi, unatazama kupitia ukingo wa kioo.

Bolti ikiwa nje, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga. Chungulia ndani ya mtutu mpaka alama nyeusi ya mita 25 ikae katikati ya tundu. Bila kuigusa bunduki, tazama darubini inaelekea wapi.

Kanuni ni ileile ya kilengeo cha nyuma: sogeza nyuma ya darubini upande unaotaka risasi iende. Tuseme viti vimeachana milimita 130. Kusogeza nyuma kwa milimita 0.1 kunahamisha risasi karibu sentimita 7.7 kwenye mita 100. Legeza skrubu ya upande mmoja robo mzunguko, kaza ya upande wa pili kiasi hicho hicho. Kwenye miguu ya kucha fanya kidogo kidogo, maana mbele haizunguki na bomba ndilo linalopinda. Ukihitaji zaidi ya milimita chache za kumi, kiti kilifungwa vibaya. Rudi hatua ya 6.

Sasa juu na chini. Weka tuni katikati ya safari yake. Kama darubini bado inaonyesha kwamba risasi itapiga chini sana, inua kiti cha nyuma kwa kipande cha kopo la soda, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.1. Kipande kimoja, sentimita 7 na kitu juu, kwa hesabu ileile. Kikate kwa umbo la kiti, piga msasa kingo, toboa mashimo ya skrubu. Vipande vitatu kwenda juu, mwagize fundi kiti kirefu.

Imekaa sawa ikiwa mtutu na ncha ya nguzo vinatazama alama moja huku msalaba ukiwa karibu na katikati ya duara.

## Hatua ya 9: Uwanjani

Anza mita 25, uwanja wa kulengea wenye ruhusa, na risasi ileile utakayowinda nayo. Piga tatu polepole, ngoja mtutu upoe. Kwa kuwa darubini iko sentimita 4 hadi 5 juu ya mtutu, kwenye mita 25 risasi ya kawaida ya kuwindia inatakiwa kupiga kama sentimita 2 chini ya ulipolenga, ndipo ifike sawa kwenye mita 100.

Maandishi ya tuni yasikuzuge. *Hoch* ni juu, *tief* ni chini. Ila neno *Hochschuss* maana yake ni risasi iliyopiga juu: linataja kosa, halitaji unakotaka kwenda. Piga tatu, zungusha alama moja, piga tatu tena, na uandike ilikoelekea na kwa sentimita ngapi. Tuni izungushe mpaka inapogoma, basi. Ukiilazimisha unakata pini ndogo isiyo na mbadala.

Nenda mita 100. Tatu zikiingia kwenye kiganja cha mkono, bunduki na darubini vimepatana. Legeza skrubu ndogo ya tuni, sogeza mduara wa namba usome 1 (yaani mita 100), kaza tena.

Kama miguu ni ya kuchomoa, fanya jaribio la mwisho: toa darubini, irudishe, piga moja. Mara tatu. Risasi zote tatu zinapaswa kuangukia kwenye kundi lako la awali. Moja ikitoroka, tazama kucha za mbele kama kuna mng'aro mpya upande mmoja. Hapo ndipo inapokaa vibaya, na fundi anaondoa mng'aro huo kwa jiwe laini, kidogo mno.

## Ukirudi nyumbani

Ichomoe ukisafiri, iweke kwenye sanduku lenye vifuko vya silika, na usiiache kwenye dashibodi. Gari lililofungwa juani linapika zeri ile ile tuliyoilinda tangu hatua ya 2. Ukitoka baridi ya Ngorongoro kuteremka Manyara, iache sandukuni kwanza ipate joto taratibu, ama sivyo mvuke utafanya matone ndani.

Kwenye karatasi andika kipenyo cha bomba mbele na nyuma, idadi ya vipande vya kopo, namba ya tuni, aina ya risasi na tarehe. Ibandike ndani ya kifuniko cha sanduku, ili anayekuja kuagiza pete nyingine asianze na jina.